Naomba ushauri: kanzidata moja, wateja wa mabara matatu

Habari zenu wakuu. Programu yetu ya ankara inatumiwa na kampuni za Ulaya, Asia na Amerika, lakini kanzidata kuu (mfumo unaohifadhi data zote) iko Frankfurt pekee. Mteja wa Singapore akihifadhi ankara anasubiri, maana ukurasa mmoja unatuma maombi kadhaa kwa mfuatano, na kila ombi husafiri hadi Ujerumani na kurudi. Kuyaunganisha maombi kumepunguza kusubiri kidogo tu.

Tumeweka Singapore nakala ya kanzidata ya kusoma tu; kuandika bado kunafanyika Frankfurt. Kusoma kumekuwa kwepesi, ila nakala hubaki nyuma sekunde chache, hivyo mtu anahifadhi kisha haoni alichoandika. Hilo linavunja imani yake kuliko ucheleweshaji wenyewe.

Je, tugawe kanzidata kwa maeneo, data za kila mteja zikae eneo lake? Na ripoti za kampuni yenye matawi mabara mawili zitatoka wapi?