Tupeane uzoefu: Albamu mpya ya Sierra Hull ilikukuta wapi?

Nyuzi Nane, Dar es Salaam
Wakuu, habari za leo. Najua wengi humu ni watu wa taarabu, rumba na bongo fleva, lakini wapenzi wa mandolini, ile ala ndogo ya nyuzi nane, pia tupo. Tangu A Tip Toe High Wire ya Sierra Hull itoke Machi 2025 sijapata mtu wa kukaa naye tukaizungumza. Basi tuizungumze hapa. Kila mmoja aeleze ilimkuta wapi na imemfanya nini.

Kwa asiyemjua: huyu ni binti wa Byrdstown, mji mdogo wa Tennessee karibu kabisa na mpaka wa Kentucky. Alizaliwa 1991, akashika mandolini akiwa na miaka 8, na akiwa na miaka 10 alikuwa ameshapanda jukwaa la Grand Ole Opry, onyesho maarufu la muziki wa country huko Nashville. Mwaka 2016 akawa mwanamke wa kwanza kupewa tuzo ya mpiga mandolini bora wa mwaka ya IBMA, chama cha kimataifa cha bluegrass, ule muziki wa asili wa Marekani unaopigwa kwa banjo, fidla na mandolini. Albamu zake nne zilizotangulia zilitoka kampuni ya Rounder. Hii ya tano kaitoa mwenyewe, bila kampuni.

Mimi ilinikuta kwenye foleni ya Ubungo, nimevaa spika za masikioni, daladala haisogei. Kinachonishika hadi leo ni jinsi anavyojua kuacha nafasi. Kasi anayo, hakuna anayebisha, lakini akianza kuimba anairudisha mandolini nyuma, anagonga mkato mmoja mkavu kwenye pigo la pili na la nne, fidla inapita juu yake. Kisha mwimbaji akivuta pumzi, mandolini inajaza pale pale. Sijachoka kuisikiliza.

Mpiga Udi, Mombasa
Assalaam aleikum. Mimi ni mtu wa udi tangu ujana, nimepigia harusi nyingi hapa Mji wa Kale. Nilitumiwa wimbo mmoja wa albamu hii na mpwa wangu, na kilichonivuta ni mkono wa kulia. Mandolini ina nyuzi fupi, sauti yake inakatika upesi, kwa hiyo ukitaka noti iendelee huna budi kuitetemesha kwa risha, kile kidude cha kupigia nyuzi, juu chini, juu chini, bila kukaza kifundo. Na nyuzi zimekaa mbili mbili kama kwenye udi wetu, risha lazima izipate zote mbili kwa uzito mmoja. Ukikosea kidogo tu, inasikika moja inalia na nyingine inasuasua. Sikiliza huyu binti anapotetemesha polepole. Nyuzi mbili zinatoka kama moja. Kwangu mimi huo ndio ufundi, kasi inakuja baadaye.

Nimeazima mandolini ya rafiki. Kidole cha udi kimezoea mahali pasipo vigawanyo, pale shingoni kuna vipande vya chuma, nafasi ni ndogo mno. Lakini nimeng'ang'ana.

Mtu wa Bukavu, Knoxville
Wandugu, nimefurahi sana kuona mada hii. Mimi ni Mkongo, nafanya kazi ya usiku kwenye ghala hapa Tennessee. Tulikuwa tunapanda gari moja na mzee mmoja mzaliwa wa huku, akaweka albamu hii. Mwanzo niliona ni muziki wao tu, haunihusu. Akafika kwenye wimbo wa Spitfire. Nikamuuliza huyu dada anamwimba nani, akasema anamwimba bibi yake, mama mwenye moto ndani. Nikanyamaza njia yote, maana mimi nimelelewa na bibi. Aliuza sombe, yaani kisamvu, sokoni Kadutu kule Bukavu, hakuna mtu aliyethubutu kumdhulumu. Sasa kila tukitoka kazini nasema, mzee, weka ule wa bibi.

Huyo mzee ndiye aliyenieleza habari za Bill Monroe, aliyezaliwa 1911 huko Kentucky, aliyeitoa mandolini pembeni akaiweka mbele ya bendi.

Mama wa Fidla, Nairobi
Binti yangu anajifunza fidla. Alipogundua kwamba mandolini ina mpangilio ule ule wa noti, G, D, A, E, vidole vinakaa palepale, hakulala. Tunasikiliza E Tune pamoja jioni, ule ambao Sierra anapiga na Béla Fleck wa banjo, na yeye anatafuta noti kwa fidla, anakwama, anarudi. Mimi nakaanga mboga nikimsikia. Sijawahi kumwona akirudia zoezi la mwalimu kwa hamu ile.

Msikilizaji, Arusha
Nitatofautiana kidogo, kwa heshima. Albamu hii ni nzuri, lakini kwangu Weighted Mind ya 2016 bado iko juu. Ile sehemu kubwa ni mandolini, besi na sauti yake tu, unasikia kila kucha. Hapa kuna ngoma, gitaa, fidla, wageni kina Tim O'Brien na Aoife O'Donovan. Mara nyingine namtafuta yeye mwenyewe.

Nyuzi Nane
Mkuu, nakuelewa, na ile pia naipenda. Lakini hii ameifanya na bendi anayosafiri nayo, na inasikika kwamba wamezoeana. Mpiga besi anajua atakaposimama kabla hajasimama. Ile ni albamu ya mtu aliye peke yake na mawazo yake, hii ni ya mtu mwenye watu. Zote mbili zake.

Mama wa Fidla
Swali la haraka: nimempatia binti mandolini ya mtumba, nyuzi zimeota kutu. Naweza kuweka za gitaa?

Mpiga Udi
Hapana mama. Za gitaa zina kidonge mwishoni, za mandolini zina kitanzi cha kuning'iniza kwenye ndoano. Mnunulie seti nyembamba, inayoanzia 010, yaani unene wa inchi 0.010, asiumie vidole. Na abadilishe mmoja mmoja. Akizitoa zote kwa pamoja, kile kibao kinachobeba nyuzi kitaanguka, hakijagundishwa, na kukirudisha mahali pake ni kazi.