Nusu saa ya Februari: nyimbo za kiroho za Wamarekani Weusi, nipange vipi?

MwalimuWaKwaya
Habari zenu wakuu. Naongoza kwaya ya Waswahili hapa Minneapolis: Wakongo, Warundi, Watanzania. Februari tumeombwa nusu saa ya kuenzi historia ya Wamarekani Weusi. Ninaye dada mwenye sauti ya kwanza safi, na mpiga piano anayesoma noti. Wazee wanataka ngoma na makofi mwanzo mwisho, mimi moyo unakataa. Nipangeje?

BeziMkongwe
Mwalimu, usilegee. Anza na Harry T. Burleigh, mwimbaji na mtunzi Mmarekani Mweusi. Babu yake, Hamilton Waters, aliwahi kuwa mtumwa. Alikuwa kipofu, na ndiye aliyemwimbia mjukuu nyimbo hizi za kiroho (spirituals) za watumwa kule Erie, Pennsylvania. Burleigh akaenda kusoma muziki New York, akamwimbia Dvořák, mtunzi Mcheki, na baadaye akaziandikia piano ili mwimbaji mmoja asimame aziimbe kwa heshima ileile anayopewa Schubert, mtunzi wa Austria. "Deep River" yake dada aiimbe peke yake, polepole. Waliotunga nyimbo hizi walikuwa watu wa kuuzwa mnadani. Tunyamaze tuwasikilize.

Halafu mtunzi Margaret Bonds! Alilitia muziki shairi la mshairi Mmarekani Mweusi Langston Hughes kuhusu mito, lililochapishwa 1921 Hughes akiwa bado kijana. Mto Kongo umo, Nile imo, na Mississippi imo, huohuo unaopita katikati ya mji wenu. Kwa kwaya yenye Wakongo sijui wimbo mwingine unaowagusa hivyo. Shairi lisomwe kwanza, ndipo uimbwe.

Altojuu
Naongeza mtunzi Florence Price. Mwimbaji Mweusi Marian Anderson aliponyimwa ukumbi Washington kwa sababu ya rangi yake, aliimba nje, kwenye ngazi za Lincoln Memorial, mnara wa kumbukumbu ya Rais Lincoln, Jumapili ya Pasaka, 9 Aprili 1939, mbele ya watu 75,000 hivi. Alitanguliza opera na Schubert, nyimbo za kiroho zikafuata. Mmojawapo ni "My Soul's Been Anchored in de Lord", uliopangwa na Price. Umechangamka, wazee watauridhia.

MwalimuWaKwaya
Mmenipa nguvu, asanteni sana. Shairi tulisome kwa lugha gani?

BeziMkongwe
Zote mbili. Mzee wa Kikongo asome Kiswahili, kijana aliyezaliwa huko asome Kiingereza. Na mpiga piano mpe noti za Bonds mapema, tafadhali: mkono wa kushoto ni mzito, na mle ndani kuna jazi.