Tupeane uzoefu: Umewahi kuipeleka familia kwenye miji ya kale ya Ufaransa?

Wakuu, naanza mimi. Tulikuwa Paris kwa shemeji, watoto wamechoshwa na foleni, akasema twendeni Provins. Treni inatokea Gare de l'Est, karibu saa moja na nusu, dirishani mashamba tu. Karne ya 12 na 13 mji huo ulikuwa na magulio ya jimbo la Champagne. Wafanyabiashara wa Italia na Flanders walikuja kuuziana vitambaa na viungo.

Kosa langu: kigari cha mtoto. Mji wa juu ni mlima, njia zake mawe matupu. Niliishia kigari begani, mtoto mgongoni kwa kanga, wazungu wananishangaa. Halafu tukafika mgahawani saa tisa kasoro, jiko limeshafungwa. Kule mchana ukipitisha saa nane umeula wa chuya. Tulishindia mkate na jemu ya waridi, maana Provins ni mji wa waridi. Watoto wala hawakujali, wao na ngazi za mnara wa kale wa Tour César tu.

Wengine mlikwenda wapi?

#2
Carcassonne. Kuingia ndani ya kuta ni bure, unalipia ngome ya ndani. Minara 52! Mwanangu alihesabu hadi 19 akaanza kudai aiskrimu. Wanasimulia kwamba mji ulipozingirwa, Bibi Carcas alimlisha nguruwe ngano ya mwisho, akamrusha nje ya ukuta. Maadui wakadhani ndani chakula kimejaa, wakaondoka. Mama mkwe ilimkaa hiyo. Hadi leo akiona mtu anajikweza na hana kitu: "Huyo karusha nguruwe."

#3
Mkuu hapo juu umenichekesha 😂

Sisi Rocamadour, mji umegandama kwenye jabali. Ngazi 216 hadi kwenye makanisa. Zamani mahujaji walipanda kwa magoti. Mama yangu ana magoti mabovu, nikamwambia lifti ipo. "Nimetoka Moshi kuja kupanda lifti?" Akatoa rozari, akapanda, kila hatua chache anapumzika. Tulipofika mbele ya sanamu ya Bikira Maria Mweusi alikaa kimya muda mrefu, kisha akaninong'oneza: "Mbona hukuniambia kuwa anafanana na sisi?"

Kushuka alikubali lifti.

Mleta mada
#2, Carcassonne kigari kinapita?

#2
Chukua kanga.