Kolekta au emita: sauti uitolee wapi kwenye transista moja?

WayaMwekundu: Wakuu, nimeunda amplifaya ya transista moja: BC547, umeme wa volti 12, rezista ya kolekta (mguu wa transista wa upande wa umeme) kiloohmu 4.7, ya emita (mguu wa upande wa ardhi) ohmu 470, mkondo miliampea 1. Nikipima kwenye kolekta bila kufunga kitu, wimbi limekua mara 10. Nikifunga spika ya ohmu 8 kupitia kapasita ya maikrofaradi 10, kimya. Nahamia emita, kimya vilevile. Nitolee wapi?

Kapasita_Kavu: Kolekta ina ukinzani wa ndani karibu sawa na rezista yake. Ukiitwisha ohmu 8, ukuzaji unakuwa 8 gawanya kwa 470, yaani 0.017 hivi. Sauti inapungua badala ya kukua! Mzigo wa kiloohmu 10 ungekuachia karibu mara 7. Kolekta ni ya kulisha hatua inayofuata.

DadaSakiti: Mimi natetea emita. Kwa miliampea 1 ukinzani wake wa ndani ni kama ohmu 25, jumlisha ule wa chanzo cha sauti uliogawanywa kwa beta (mara ambazo transista inakuza mkondo). Volti haikuzi, ila wimbi halipinduki kama kwenye kolekta. Shida ya sakiti yako ni kwamba emita imekaa kwenye volti 0.47, kwa hiyo wimbi halina pa kushukia. Panga upya rezista za besi (mguu wa kuingizia sauti) ili emita ikae karibu na volti 6, na kolekta iunge moja kwa moja kwenye volti 12. Tena usiweke kapasita sambamba na rezista ya emita, itapeleka sauti yote ardhini.

Fundi_Mkimya: Dada, ukinzani mdogo peke yake hautoshi. Mkondo ni miliampea 1. Kwenye ohmu 8, wimbi likishuka halivuki milivolti 8, baada ya hapo linakatwa. Na kapasita ya maikrofaradi 10 kwa ohmu 8 inapunguza kila kilicho chini ya hertzi 2000 hivi. Ukitaka kufika hertzi 20, weka maikrofaradi 1000.

DadaSakiti: Hapo kwenye mkondo umenipata, kaka. Sikuuhesabu.

Mwanagenzi_7: Na kutolea kote kuwili kwa pamoja?

Kapasita_Kavu: Inafanyika. Rezista mbili zikilingana unapata mawimbi mawili ya ukubwa mmoja, moja limepinduliwa. Mizigo nayo ilingane, la sivyo upande mmoja unazidi.

WayaMwekundu: Nimeacha kolekta ifanye ukuzaji, nikaongeza transista ya pili: besi yake kwenye kolekta ya kwanza, emita kwenye rezista ya ohmu 330, mkondo karibu miliampea 20. Nimeiondoa spika, nimefunga hedifoni za ohmu 32 kupitia maikrofaradi 1000. Zinasikika safi kabisa! Ukuzaji umeshuka hadi kati ya 5 na 6, maana besi ya pili nayo ni mzigo kwa kolekta. Kwa spika nitahitaji hatua nyingine yenye mkondo mkubwa zaidi, nitaianzishia uzi wake.