Naomba ushauri: bastola inagonga risasi, hailipuki

Wakuu, habari za leo. Niko Moshi. Nimenunua bastola ya milimita 9 iliyotumika. Polisi wameshahamishia umiliki kwangu na leseni ninayo.

Jumamosi kwenye mazoezi ya shabaha, risasi tatu kati ya kumi ziligoma. Unavuta, unasikia "ta!", kisha kimya. Kila mara nilibaki nimeuelekeza mtutu kwenye shabaha nusu dakika kabla ya kuitoa, maana risasi inaweza kuchelewa kulipuka.

Nimezitazama kwa karibu. Zilizogoma zina kialama tu katikati ya kitako, kama umegusa kwa ncha ya kalamu. Zilizolipuka zina kishimo cha kueleweka. Rafiki yangu alipiga za boksi hilohilo kwenye yake, zote zikatoka.

Nahisi ni pini, ile inayogonga kitako cha risasi: ama ncha imelika, ama springi imechoka, ama njia yake imejaa oili iliyoganda na vumbi. Aliyeniuzia alikuwa anailowesha oili kweli kweli.

Nianze na kusafisha, au nibadilishe springi moja kwa moja? Na fundi wa silaha mwenye kibali Moshi au Arusha nitampata wapi? Fundi wa kuchomelea simpi, pini ikichongwa vibaya inatoboa fataki, kile kidude cha katikati ya kitako kinachowasha baruti. Kwa sasa nimeifungia kwenye sefu, haina risasi.