Stika za zamani zinapasuka zikigusa maji, nifanyeje?

Wakuu, naomba ushauri. Naunda modeli ya Datsun 240Z, skeli ya 1/24, ile nyekundu yenye boneti nyeusi na namba 11, ambayo Edgar Herrmann na Hans Schüller waliishindia Safari Rally ya 1971. Boksi nimeuziwa na mzee mmoja aliyeliweka stoo miaka na miaka. Plastiki iko safi, rangi nimeshapuliza, tena imetoka vizuri kuliko nilivyotarajia. Tatizo ni stika za maji.

Jana nilijaribu moja ndogo nisiyoihitaji. Nikailoweka kwenye maji ya vuguvugu. Kabla haijaachia karatasi ikapasuka vipande vinne, kama ganda la kitunguu kikavu. Na sehemu nyeupe zimegeuka njano.

Nimesikia dawa ni kupuliza vanishi angavu juu ya karatasi nzima, iache ikauke kabisa, halafu ukate kila stika kwa kufuata ukingo wake maana zote zinakuwa zimeshikana. Aliyewahi kufanya hivyo, ulipuliza mara ngapi? Naogopa ikiwa nene haitalala kwenye mikunjo ya mlango, na kimiminika cha kulainishia huenda kisiipenye.

Njano nayo, wengine hubandika karatasi dirishani ipigwe jua. Si itazidi kukauka?

Nimeshaziskani kwa tahadhari, ila printa yangu ya wino haichapi rangi nyeupe, na namba za mlangoni bila nyeupe chini yake zitamezwa na ule wekundu.