Tupeane uzoefu: dalali akiweka cha juu kwenye mali yako, hiyo hela ni ya nani?

Wakuu habari zenu. Naomba tupeane uzoefu kuhusu madalali wa viwanja na nyumba, maana wengi wanadhani dalali hana sheria inayombana.

Bi mkubwa wangu alikuwa anauza kiwanja Chanika, akamwambia dalali kauze milioni 12, udalali wako asilimia kumi. Mteja kapatikana fasta. Siku ya kuandikishana pale serikali ya mtaa dalali anamvuta mama pembeni, mama usitaje bei mbele ya mteja, niachie mimi niongee. Mama akashtuka, akarudi ndani akamuuliza mteja hapohapo, mwanangu wewe umeambiwa shilingi ngapi? Jamaa anasema 15. Yaani milioni tatu za juu ya bei ya mama ziliwe katikati halafu bado adai asilimia zake!

Nikamuuliza wakili. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura 345, ipo toka 1961 na ina sehemu nzima ya uwakala, na dalali ni wakala kama mawakala wengine. Afuate maelekezo uliyompa, akupe hesabu ukimdai, na hela aliyopokea kwa niaba yako ni yako, anakata ujira wake halali basi. Cha juu cha kificho ni cha mwenye mali, na dalali akishafanya hila anaweza kukosa hata huo ujira. Mama alichukua 15 zote, akamkatia chake, yakaisha.

Mzee wa Pugu: Pole kwa mama. Ila angalieni kauli ya mwanzo. Mimi nilimwambia dalali nataka 20 yangu mkononi, itakayozidi ni yako. Kauza 23, kachukua tatu, na sikumdai kitu kwa sababu tulikubaliana hivyo na tuliandikishana. Kwa mama yako makubaliano yalikuwa asilimia, kwa hiyo hapo ni wizi kabisa.

Nyakio wa Kitengela: Huku Kenya madalali tunawaita maejenti, na tuko na sheria yao kabisa, Sura 533 ya 1984, na kuna bodi inasajili maejenti, asiyesajiliwa haruhusiwi kufanya hiyo kazi. Pesa ya wateja inafaa ikae kwa akaunti kando na yake. Ejenti wetu alikuwa anakusanya rent ya ploti ya baba kwa simu yake mwenyewe, kila mwezi ni story, mara mpangaji mmoja hajalipa, mara maji yameharibika. Tulipouliza namba ya usajili akanyamaza. Sai wapangaji wanalipa direct kwa benki ya baba.

Dalali Buswelu: Mimi ni dalali hapa Mwanza na naunga mkono. Kuna kiwanja niliambiwa nikitafutie mteja, nikakipenda mwenyewe, nikaenda kwa mzee nikamwambia mnunuzi ni mimi na bei ya soko hapa ni kiasi fulani, aamue. Ungejificha nyuma ya jina la shemeji yako halafu mwenye mali akagundua, anaruhusiwa kuukataa huo mkataba. Na tunaoficha mambo tunaharibia wenzetu wote riziki.

Mpangaji Tabata: Na sisi wapangaji je? Tunalipa udalali wa kodi ya mwezi mmoja, kumbe na mwenye nyumba naye kamlipa!

Mleta mada: @Mpangaji Tabata alikwambia kwamba analipwa pande zote mbili, au uligundua baadaye? Na risiti ya hiyo hela unayo? Tuelezee hiyo kwa kirefu.